MASTAA WA "KUFUFUA" MAGARI YA ZAMANI: RANGI INANG'AA, MLANGO UNAGOMA KUFUNGA!

Wadau, leo sitaji jina la mtu. Hela ya wakili sina, na hao ninaowasema wanayo. Ila kama una simu na bando, hutapata tabu kuwajua.

Wa kwanza ni staa wa muziki kule Marekani, juzi juzi tu kagundua kwamba gari la michezo la zamani linapendeza kwenye picha kuliko Lamborghini jipya. Wa pili ni kijana wa video, yuko Uingereza, kazi yake "kufufua" magari yaliyokufa ndani ya dakika moja: kabla, baada, muziki juu, kitambaa chini, gari linang'aa mpaka unajiona sura. Wa tatu ni dalali wa miwani myeusi. Ananunua Corvette chakavu, analipiga rangi nyekundu, analiuza mara tatu ya alichonunulia, halafu anageuka kukufundisha wewe jinsi ya kujiajiri.

Hawa watatu mnawapenda sana. Nawaona kwenye komenti zao, Dar mpo, Nairobi mpo, na walioko Houston na Birmingham nao wapo. "Gari kali." "Mungu nipe na mimi." Moto, moto, moto, moyo.

Sasa ngoja niwaharibie siku. Mnachoshangilia pale ni rangi. Na kwenye gari la faiba, rangi ndo kitu cha mwisho kuaminiwa. Ukitaka kujua gari la faiba limefufuliwa au limezikwa likiwa limevalishwa suti, angalia mianya ya milango, angalia viungo, angalia kilichoko chini. Hao jamaa wanajua hilo. Ndo maana hawakuonyeshi.

Asiyetaka kusoma mpaka mwisho, hoja yangu ni hiyo. Anayetaka ushahidi, twende.

KWANI GARI LA FAIBA NI LIPI?

Wengi tunadhani kila gari ni bati. Hapana. Mwaka 1953 Chevrolet walitoa Corvette ya kwanza kule Flint, Michigan. Mwaka huo yalitengenezwa 300 tu, yote meupe nje na mekundu ndani, na bodi yake ilikuwa ya faiba: nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, ikakauka ikawa ngumu. Ni ukoo mmoja na zile boti za faiba za Zanzibar na Mombasa, na lile bampa ambalo fundi wa mtaani kwenu aliliunga wiki iliyopita.

Waingereza nao hawakulala. Mwaka 1957 Lotus walionyesha Elite, gari ambalo halikuwa na chasisi ya chuma ya peke yake kama mengine. Bodi ya faiba ndiyo ilibeba gari. Mwaka 1962 wakaja na Elan, hilo likawa na uti wa mgongo wa chuma chini na faiba juu. Na kwa wale wa "mimi Ferrari tu": Ferrari 308 GTB za mwanzo, kuanzia 1975, bodi zake zilikuwa za faiba. Zilitoka 712, kisha mwaka 1977 wakahamia kwenye chuma. Leo hizo za faiba zinauzwa ghali kuliko ndugu zao wa chuma.

Kwa hiyo hapa hatuongelei vigari vya kuchezea. Tunaongelea hela za maana, na penye hela za maana na watu wasiojua, dalali wa miwani myeusi lazima atatokea. Ni kama nzi na embe.

DHAMBI YA KWANZA: RANGI KABLA YA KUPANGA BODI

Bati lina huruma. Likikunjika unaligonga, unalivuta, linakuelewa. Faiba haina mambo hayo. Ukiikaza kwa bolti ikae pale usipotaka kukaa, inakaa kweli, ila imenuna. Siku moja, kwenye tuta la kawaida tu, inapasuka pale pale ulipoilazimisha au pembeni kidogo. Fundi wa kweli wa faiba halazimishi. Anapanga.

Na kupanga kuna utaratibu wake. Gari linashuka chini, likae kwenye magurudumu yake, na uzito wake uwemo. Injini iwepo, vioo viwepo. Kwa nini? Kwa sababu chasisi inajipinda kidogo kulingana na uzito na sehemu ulizoiegemeza. Ukipanga milango wakati gari limekaa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, siku ya kulishusha mianya yote inahama. Umefanya kazi ya bure.

Kisha chini. Kwenye Corvette za zamani bodi imekaa juu ya chasisi kwenye egemeo kadhaa, na kwenye egemeo hizo kuna vibati vyembamba, mafundi wanaviita shimu. Ongeza kibati kimoja hapa, toa kimoja pale, na mlango ulio mita nzima kutoka hapo unainuka au unashuka. Watu wasiojua wanahangaika na bawaba siku tatu, kumbe tatizo ni kibati kimoja kimeliwa na kutu huko chini.

Ndipo unakuja kwenye milango yenyewe. Unaanzia nyuma, kwa sababu ubavu wa nyuma umegandishwa kwenye bodi, hauendi popote. Mlango ndo unaufuata ubavu. Boneti inakuja baadaye. Unatafuta mwanya ulio sawa kuanzia juu mpaka chini, kama milimita 5 hivi, kulingana na gari. Ukikuta juu 3 na chini 8, na bawaba zimefika mwisho, hapo sasa unaongeza nyuzi na rezini kwenye ukingo, au unausaga kwa msasa mpaka ulingane. Na yote haya unayafanya ukiwa umeshavalisha mipira ya milango. Mipira mipya ni migumu, inausukuma mlango nje. Asiyeivalisha mapema anapiga rangi, anaweka mpira, mlango unatokeza kama sikio.

Hiyo ndiyo kazi. Kufunga, kuchungulia, kufungua, kusogeza, kufunga tena. Wiki nzima inaweza kwisha na hakuna hata picha moja ya kuposti. Rangi inakuja baada ya hapo.

Sasa rudini kwenye video ya kijana wetu wa Uingereza. Iangalieni upya bila sauti. Gari linaonekana kwa mbele, linaonekana kwa ubavu kwa mbali, jua linazama, moshi kidogo. Anafungua mlango kwa madaha. Halafu? Kamera inakata. Hamjawahi kuuona ule mlango ukifunga. Video kibao na mlango haujawahi kufungwa hata mara moja mbele ya kamera! Gari gani hilo linalofunguka tu?

DHAMBI YA PILI: PUTI JUU YA UFA

Hapa ndo wanapowapiga wengi, kwa sababu ufa ukifunikwa hauonekani.

Faiba ikipasuka, nguvu yake iliyopotea ni nyuzi zilizokatika. Puti haina nyuzi. Puti ni unga wa kujazia makovu madogo. Ukiipaka juu ya ufa umefanya kama mtu aliyevunjika mguu ukampaka losheni. Atapendeza, ila hatembei.

Kazi yenyewe iko hivi. Unaondoa rangi taratibu, na sio kwa dawa yoyote ya kubandulia rangi, maana nyingine zinakula na rezini yenyewe. Unatafuta ufa unaishia wapi, na mara nyingi unaenda mbali kuliko jicho linavyoona. Unasaga pande zote mbili za ufa kwa mteremko mrefu. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kama mara 12 ya unene, yaani faiba ya milimita 3 mteremko wake unafika karibu sentimita 4 kila upande. Unakuwa kama umetengeneza bonde. Kwa nyuma unaweka tabaka la kushikilia. Halafu unajaza bonde kwa tabaka za nyuzi na rezini, moja baada ya nyingine, ukitoa mapovu ya hewa kwa rola. Povu moja likibaki ndani, jua likipiga, linavimba.

Halafu kuna hili ambalo dalali wetu hataki ulijue: faiba sio moja. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Corvette ilianza kuhamia kwenye aina nyingine, inayokandamizwa kwa joto kwenye mashine. Rezini ya poliesta, ile ya bei nafuu iliyozoeleka, haishiki vizuri kwenye faiba hiyo. Inataka epoksi au gundi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukitumia ya bei nafuu, kiraka kinakaa msimu mmoja, halafu kinabanduka kizima kizima kama ukoko kwenye sufuria. Mteja akipiga simu, anaambiwa "ulipita barabara mbaya".

Na lipo suala la muda. Rezini hata ikishakauka kwa kugusa, inaendelea kusinyaa taratibu. Fundi mwenye subira anaiacha, anaiweka juani au kwenye joto, anarudi kuisugua tena, ndipo anapaka rangi. Mwenye haraka ya kuposti anapaka siku ile ile. Siku ya kwanza gari ni kioo. Mwezi wa tatu mistari inaanza kuchungulia kwenye rangi, pale viraka vilipo na pale paneli zilipoungana. Ila video ilishaisha siku ya kwanza, na laiki zilishahesabiwa. Wewe umeshawahi kuona video ya "miezi sita baadaye"? Tuwekee link, tutaiangalia wote.

DHAMBI YA TATU: KUTU ILIYOVAA SUTI

Hii ndo inayoniumiza roho.

Kuna uongo mtamu unaosambazwa mitandaoni: "Gari la faiba halili kutu." Faiba haili kutu, sawa. Lakini chini ya faiba kuna chuma. Kwenye Corvette za miaka ya 1963 hadi 1982 kuna fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele na kushikilia nguzo za bawaba za milango. Wamarekani wanaifananisha na tundu la ndege. Maji yanaingia kwenye pembe za kioo, yanashuka ndani ya nguzo, yanakaa humo miaka. Bati la kawaida likila kutu linakuonyesha, rangi inavimba, unaona. Faiba inaficha. Nje bibi harusi, ndani mgonjwa.

Mdau wetu mmoja, Mtanzania anayeendesha malori Texas, aliweka akiba miaka 6 akanunua Corvette ya mwaka 1974. Muuzaji, ambaye jina halitajwi hapa, alikuwa mtu wa video kama hawa hawa, gari lilikuwa limeshapata sifa kibao mtandaoni. Jekundu, linameremeta, viti vipya. Kitu kimoja tu kilimsumbua: mlango wa dereva ilibidi auinue kidogo ndo ufunge. Akaambiwa ni bawaba, kitu kidogo. Akapeleka gereji abadilishiwe pini za bawaba. Fundi akatoa mkeka wa ndani na kipande cha plastiki pembeni ya miguu, akaingiza bisibisi kwenye nguzo. Bisibisi ikapita.

Pale bawaba inaposhika hapakuwa na chuma cha kushika kitu. Na hiyo ni fremu ile ile inayoshika kioo cha mbele. Kulitengeneza inabidi kioo kitoke, faiba ikatwe ili chuma kifikiwe, kichomelewe kipya, kisha faiba iungwe upya na kila mwanya upangwe upya. Bili waliyomtajia ilikuwa kubwa kuliko bei aliyonunulia gari. Akiba ya miaka 6 ya kulala kwenye lori, jamani. Gari limekaa chini ya turubai mpaka leo.

Sasa unaelewa kwa nini nasisitiza mianya? Mlango unaoshuka ni gari linalokuambia ukweli. Mwanya uliopanuka juu ya mlango sio suala la urembo. Ni nguzo inasema "nimechoka". Na anayeujaza kwa puti ukingo wa mlango ili mwanya uonekane sawa, wakati nguzo imeoza, huyo sio fundi wala sio msanii wa magari. Huyo amemziba mdomo shahidi.

DHAMBI YA NNE: VUMBI ANALA MWINGINE

Kuna kipande kwenye video ya staa wetu wa muziki, sekunde nne hivi, alipokuwa anaonyesha "timu yangu ikipambana". Kijana mmoja anasaga faiba kwa grenda. Vumbi jeupe limejaa kama ukungu wa Lushoto. Usoni amefunga kitambaa. Kitambaa! Miwani hana. Staa anapita nyuma yake akiwa na glasi mkononi, anacheka, anaonyesha vidole viwili.

Lile vumbi ni vipande vya nyuzi za kioo na rezini kavu. Linawasha ngozi mpaka usilale, linaingia machoni, linaingia kifuani. Mvuke wa rezini ya poliesta una kemikali inaitwa staireni, inaumiza kichwa na kulevya. Na ile hadena inayochanganywa, asilimia 1 hadi 2 tu ya rezini, tone moja likiingia jichoni linaweza kukuharibia jicho moja kwa moja. Kazi hii inataka barakoa yenye vichujio vya kweli, miwani, glavu, feni ya kutoa hewa au kunyonya vumbi. Sio anasa. Ukilinganisha na bei ya gari, ni hela ya chai.

Halafu mtu ana rimu za bei mbaya, na kijana anayemtengenezea gari amefunga leso. Kwenye posti ya mwisho staa katag kampuni ya rangi, katag kampuni ya matairi, katag mpiga picha, katag mpaka mbwa wake. Kijana wa grenda hakutajwa. Mimi mwenyewe leo sitaji majina, lakini mimi naficha wenye makosa. Yeye anamficha aliyefanya kazi.

"ACHA WIVU, HATA KIWANDANI HAZIKUKAA SAWA!"

Najua mtakuja na hili, kwa hiyo tulimalize hapa hapa.

Ni kweli. Magari ya faiba ya zamani yalitoka kiwandani yakiwa na kasoro. Studebaker walipotangaza Avanti mwaka 1962, bodi zake zilikuwa zinatoka kwa mtengenezaji mwingine, na paneli zikawa hazikutani vizuri. Kazi ikachelewa, wateja waliokuwa wanasubiri wakachoka wakaondoka. Desemba 1963 Studebaker wakaacha kulitengeneza. Mianya tu, wadau. Mianya ilichangia kuangusha gari zuri namna ile.

Na kule Marekani kipo chama cha wafufuaji wa Corvette, National Corvette Restorers Society, tangu mwaka 1974. Wao wakikagua gari lako hawatafuti ung'ao. Wanatafuta kama linafanana na lilivyotoka kiwandani, pamoja na kasoro zake za kawaida. Ukilifanya zuri kupita kiwanda, hupati sifa ya ziada.

Lakini angalieni hoja hiyo inamtetea nani. Inamtetea mtu anayeacha kasoro ya kiwandani ionekane na kusema "hii ni ya kiwandani". Inamtetea pia anayepanga mianya vizuri kuliko kiwanda na kusema "hapa nimeboresha". Wote wawili ni wakweli. Haimtetei hata kidogo anayejaza puti kwenye nguzo iliyooza na kuandika "kama lilivyotoka kiwandani". Kiwanda kilikuwa na kasoro, ila hakikukuuzia kutu kwa bei ya chuma.

Na hili la "wivu"... bana, mimi kununua Ferrari la faiba leo wala kesho siwezi, na usingizi napata. Wivu ungekuwa kutaka alichonacho. Mimi nataka tu aufunge mlango tuone.

SHIMO LA KENTUCKY LILIWAUMBUA BILA KUJUA

Mnataka mfano wa watu wenye adabu? Huu hapa.

Tarehe 12 Februari 2014, alfajiri, sakafu ya jumba la makumbusho la Corvette kule Bowling Green, Kentucky, ilididimia. Shimo likameza magari 8. Camera za usalama zilinasa, dunia nzima ikaona. Sasa fikiria lingekuwa la dalali wetu. Wiki mbili baadaye yangekuwa yote yanang'aa, na kichwa cha habari "TUMEYAFUFUA YOTE 8".

Makumbusho hawakufanya hivyo. Magari yalitolewa, yakaonyeshwa yalivyo, yamepondeka, faiba imechanika kama karatasi, na watu wakamiminika kuja kuyaona. Kisha ukatolewa uamuzi: matatu yatengenezwe, matano yaachwe kama yalivyo, kwa sababu yalishaharibika kiasi kwamba kuyatengeneza kungekuwa kujenga gari jipya na kulipa jina la marehemu.

Katika hayo matatu kulikuwa na Corvette nyeupe ya mwaka 1992, ya milioni moja kutoka kiwandani. Walipoifungua wakakuta saini za wafanyakazi waliounda gari lile, wameandika kwenye vipande vya ndani ambako hakuna mteja angeona. Mafundi wakafanya kila juhudi kuziokoa zile saini. Kubadilisha kipande kizima ingekuwa rahisi zaidi. Ila kwenye kile kipande kulikuwa na jina la mtu aliyefanya kazi.

Linganisha na kijana wa grenda aliyefunga leso.

KABLA HUJABONYEZA MOYO, ULIZA

Sio lazima uwe fundi. Uliza tu, tena kwa heshima:

Kaka, tuonyeshe mlango ukifunga, bila kuinua, bila kukata video.

Dada, mwanya wa juu na wa chini upo sawa? Weka rula.

Kiongozi, picha za nguzo za kioo bila plastiki ziko wapi? Na picha za gari likiwa uchi, kabla ya rangi, faiba inaonekana?

Umetumia rezini gani, kwa faiba ya mwaka gani?

Fundi anaitwa nani, na barakoa yake iko wapi?

Mtu aliyefanya kazi ya kweli atafurahi ukimuuliza. Mafundi wa faiba wanapenda kuongea kuhusu viungo vyao kama bibi anavyoongelea wajukuu, hata picha za vumbi anazo, tena nyingi kuliko za rangi. Aliyefanya kazi ya uongo atakublock. Akikublock, umepata jibu lako bila kutoa hata senti.

Na wewe uliyeko Marekani, Uingereza au Dubai, unayeweka akiba kidogo kidogo kwa ndoto ya gari la ujanani mwako, chukua tochi, chukua fundi asiyemjua muuzaji, mwinamishe chini. Hela ya kumlipa huyo fundi siku moja ni ndogo kuliko miaka 6 ya mdau wetu wa Texas. Muuzaji akisema "njoo haraka kuna mteja mwingine", mwachie huyo mteja mwingine.

Kwa watatu wetu nisiowataja: bado mna nafasi. Magari yenu mnayo, kamera mnazo, watazamaji wengi mno mnao. Video ya dakika moja inatosha. Sihitaji moshi, jua la jioni wala ule muziki. Simameni pembeni ya gari, fungueni mlango, kisha ufungeni kwa kidole kimoja.

Ukifunga, nitaandika hapa hapa kwa herufi kubwa kwamba nimekosea kuwashuku.

Haya wadau, uwanja wa komenti ni wenu. Nani kashawahi kuuziwa gari lililovaa suti? Na tafadhali, majina ya watu yaacheni, mawakili wa watu hawalali.